Nyimbo za uamsho za karne ya 19: uchukue zipi kwa mkutano wako?

Mwaka juzi, kwenye mkesha wa vijana kanisani kwetu, umeme ulikatika saa sita usiku ikiwa imeshapita kidogo. Tulikuwa ubeti wa pili wa wimbo ambao maneno yake yote yalikuwa ukutani, yamerushwa na projekta. Ukuta ukawa mweusi. Sauti zikapungua moja moja hadi tukabaki mimi, mpiga kinanda ambaye kinanda chake nacho kilishazimika, na wasichana wawili wa alto. Ndipo mama mmoja wa kikundi cha maombi, aliyekaa nyuma kabisa, akaanzisha "Damu imebubujika". Ukumbi mzima ukampokea gizani, beti zote, na mstari wa mwisho wa kila ubeti tukaurudia bila kuambiwa.

Maneno ya wimbo ule yalitungwa na Mwingereza William Cowper katika karne ya 18. Tuni tunayoitumia ni ya makambi ya uamsho ya Marekani ya karne iliyofuata, na kule kurudia mstari wa mwisho ni alama ya mahali ulikolelewa: watu wengi, vitabu vichache, mwanga wa moto. Tangu usiku ule, nikipewa wimbo wa uamsho siulizi kwanza kama ni mzuri. Nauliza walioutunga walikuwa wamekosa nini.

Naandika haya kwa walimu wa kwaya na kamati za mikutano ya injili, maana swali linanijia kila mara: "Mwalimu, tunataka jioni ya nyimbo za uamsho za zamani, tuchukue zipi?" Wanaouliza hudhani ni kapu moja. Kwa hesabu yangu ni makapu manne, na wimbo wa kapu moja ukiupeleka kwenye mkutano unaotaka kapu lingine, utaona watu wanasimama wanakutazama.

Vigezo vyangu pia ni vinne. Kwanza, mtu asiyeujua wimbo ataudaka baada ya muda gani? Pili, unahitaji nini: kitabu, chombo, mwalimu, taa? Tatu, maneno yake yanabeba nini? Nne, unakaaje ndani ya Kiswahili? Hiki cha nne wengi hukisahau, nami nitakikalia zaidi.

Makapu yenyewe

Nyimbo za makambi zilishika moto Kentucky. Julai 1800, mchungaji wa Kipresbiteri James McGready aliitisha mkutano wa Gasper River, na watu wakaja na magari yao ya farasi na chakula, wakalala hapo hapo. Agosti 1801 ukafuata wa Cane Ridge, ambako waliohudhuria walikadiriwa kuwa kati ya 10,000 na 25,000, Wapresbiteri, Wamethodisti na Wabaptisti pamoja, wahubiri kadhaa wakihubiri kwa wakati mmoja sehemu mbalimbali za uwanja. Wasabato wanaosoma hapa wanaijua mila hii kwa jina lake. Makambi yao ya kila mwaka ni mzao wa mikutano hiyo, kupitia ule walioufanya Wright, Michigan, mwaka 1868.

Kapu la pili ni nyimbo za nota za maumbo. Hizi zililelewa na walimu wa uimbaji waliozunguka vijijini wakifundisha kwa wiki chache na kuondoka. Ili mkulima asome muziki haraka, kila nota ilipewa umbo: pembetatu ni fa, duara ni so, mraba ni la, almasi ni mi. Vitabu vyake vikubwa ni The Southern Harmony cha William Walker cha mwaka 1835 na The Sacred Harp cha B. F. White na E. J. King cha mwaka 1844. Ni Walker aliyeyafunga maneno ya John Newton, "Amazing Grace" ya mwaka 1779, kwenye tuni ambayo leo dunia nzima inaijua.

La tatu ni nyimbo za injili za mijini, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Hapa yupo Fanny Crosby, yupo Philip Bliss, yupo Robert Lowry, na yupo Ira Sankey aliyeimba pembeni ya mhubiri Dwight Moody. Mikutano yao ya Uingereza na Scotland ya 1873 hadi 1875 ilijaza kumbi kubwa. Kitabu cha Sankey, Sacred Songs and Solos, kilianza mwaka 1873 kama kijitabu chembamba na kikaishia kuwa na nyimbo 1,200.

La nne ni nyimbo za kiroho za Waamerika weusi. Zilizaliwa utumwani, na dunia ikazisikia baada ya Oktoba 1871, kundi dogo la wanafunzi wa Fisk, chuo cha Nashville cha waliotoka utumwani, lilipoanza ziara ya kuchangisha fedha za kukiokoa chuo chao. Mwaka 1873 waliimba mbele ya Malkia Victoria. Fedha walizoleta zilijenga Jubilee Hall, nalo bado limesimama.

Kudakwa

Kapu la makambi halina mpinzani hapa, na inafaa kuelewa sababu, kwa kuwa ni ufundi, haikutokea kwa bahati.

Wahubiri wa Kentucky walikuwa na beti ambazo watu wazima wengi walizijua kwa moyo tangu utotoni, za Isaac Watts na Charles Wesley. Nyingi zilikuwa na mizani 8-6-8-6, yaani mstari wa silabi nane, kisha wa sita, kisha nane na sita tena. Mwimbishaji alichukua ubeti kama huo na kuupachika kiitikio kifupi kisicho cha wimbo wowote hasa: haleluya, tunakwenda nchi ya ahadi, utukufu kwa Mungu. Kwa kuwa mizani ya beti ilikuwa ile ile, kiitikio kile kile kiliweza kuhama kutoka wimbo hadi wimbo usiku kucha. Wimbo wa Samuel Stennett kuhusu ukingo wa Yordani wa mwaka 1787 haukuwa na kiitikio. Makambini ulipewa cha "nchi ya ahadi", na leo ukiuimba bila hicho watu watadhani umekatiza. Aliyefika jana anaimba robo tatu ya wimbo kabla hajajua unahusu nini.

Ukihesabu, utakuta mfasiri wetu aliiheshimu mizani hiyo. Da-mu-i-me-bu-bu-ji-ka, nane. Ni-ya-I-ma-nwe-li, sita. Kwa hiyo kiitikio chochote cha mizani hiyo utakachotunga kwa Kiswahili kitaufuata wimbo ule bila kukwama. Nimefanya hivyo na vijana wangu, na waliupenda wimbo waliokuwa wanauita wa wazee.

Sisi tuna neno kwa jambo hili: pambio. Tunavyoanzisha pambio baada ya ushuhuda ni kazi ile ile. Mfano mkubwa kuliko yote hapa Afrika Mashariki ni "Tukutendereza Yesu". Kiitikio hiki cha Kiganda, kilichotokana na wimbo wa uamsho wa Kiingereza wa karne ya 19, kiliachana na beti zake kikawa salamu ya ndugu wa uamsho kuanzia miaka ya 1930, kutoka Uganda na Rwanda hadi Burundi, Kenya na Tanzania. Mtu alitubu, wakamwimbia. Mgeni alifika, wakamwimbia.

Nyimbo za kiroho za Weusi nazo hudakwa upesi zikiimbwa kwa namna yake ya asili, kiongozi akitoa na watu wakipokea. Lakini zile zilizopangwa sauti nne kwa jukwaa, kama walivyofanya Fisk, ni za kwaya, na zinataka wiki za mazoezi. Ukisema unaimba nyimbo hizi, sema kwanza ni za namna gani kati ya hizo mbili.

Nyimbo za injili za mijini hudakwa nusu. Kiitikio kinakaa kichwani siku hiyo hiyo, beti hazikai. Nyimbo za nota za maumbo ndizo ngumu kudakwa. Tuni imefichwa kwenye sauti ya tena, na katika nyimbo nyingine sauti huingia kwa kufukuzana, kwa hiyo msikilizaji hajui afuate nani. Hazikutungwa kwa msikilizaji hata hivyo. Waimbaji huketi katika mraba wakitazamana, mwimbishaji katikati, wanaimba kwanza majina ya nota na ndipo maneno. Hakuna hadhira.

Mahitaji

Makambi: sauti moja yenye nguvu na mtu asiyeona aibu kuanzisha. Basi. Ngoma na kayamba zikiwepo ni ziada.

Nota za maumbo: kitabu kwa kila mtu, mwalimu, na uvumilivu, bila chombo chochote. Hata hivyo kwaya zetu ziko karibu nazo kuliko zinavyofikiri. Solfa tunayoandika ubaoni, d r m f s l t, ile iliyoenezwa na John Curwen huko Uingereza, ni wazo la ukoo mmoja na nota za maumbo: mpe mwimbaji jina la sauti, usimtwishe mistari mitano. Kwaya iliyolelewa kwa solfa itaingia humu kwa mwezi mmoja. Kwaya iliyozoea kufuata rekodi itateseka.

Injili za mijini: kinanda, vitabu au projekta, na kwa baadhi ya nyimbo mwimbaji mmoja anayeaminika. Sankey mwenyewe aliketi kwenye harmoniamu ndogo na kuimba peke yake huku maelfu wakisikiliza. Wimbo wake wa kondoo mmoja aliyepotea ulitokana na shairi la Elizabeth Clephane alilolikuta gazetini akiwa kwenye treni ya kutoka Glasgow kwenda Edinburgh mwaka 1874. Mkutanoni Edinburgh aliliweka mbele yake na kulitungia tuni hapo hapo, ubeti kwa ubeti. Wimbo wa namna hiyo ukiwapa watu mia waimbe pamoja, kisa kinapotea. Mpe mmoja, tena atamke vizuri.

Nyimbo za kiroho: sauti zinazoweza kunyamaza. Fisk walisifika kwa kuimba polepole na kwa sauti ya chini hadi ukumbi unashusha pumzi. Kwaya yako ikijua kupiga kelele tu, zisubiri.

Maneno

Viitikio vya makambi ni vyepesi: toba, safari, Yordani, mbingu. Uzito uko kwenye beti za Watts na Wesley, na hatari ni kiitikio kuzimeza. Lalamiko hilo si jipya. Mwaka 1819 Mmethodisti John F. Watson aliandika akilaumu vipande vifupi vinavyorudiwa bila mwisho, na lawama kubwa aliielekeza kwa waimbaji weusi. Lawama hiyo inatuambia kitu ambacho yeye hakukikusudia: Weusi walikuwepo makambini, wakiimba katika eneo lao usiku kucha, na namna yao ya kuitikia iliingia kwenye wimbo wa kila mtu. Tayari mwaka 1801, mwaka ule ule wa Cane Ridge, Richard Allen wa Philadelphia, aliyezaliwa utumwani, alikuwa amechapisha kitabu cha nyimbo kwa ajili ya kanisa lake la Weusi, chenye viitikio vya aina hiyo.

Nota za maumbo haziogopi kifo. Zinakitaja jina. Nyingi zimejengwa juu ya la badala ya do, na mwanakwaya atajua hapo kwamba furaha yake si ya kuchezacheza. Kwa msiba au Ijumaa Kuu sijaona zinazozizidi. Kwa mkutano wa kwanza wa wageni ni nzito mno.

Nyimbo za injili husema "mimi" na "Yesu". Wapo wanaozilaumu kuwa ni laini, za hisia tupu. Sikubaliani nao, na nitakaa hapa kidogo. Fanny Crosby alipoteza kuona akiwa mtoto mchanga na akaandika nyimbo zaidi ya 8,000. Mwaka 1873 rafiki yake Phoebe Knapp alimpigia tuni mpya na kumuuliza tuni hiyo inasema nini, na jibu lake ndilo tunaloimba leo kama "Ndiyo dhamana". Litazame neno alilochagua mfasiri. Angeweza kusema uhakika. Alisema dhamana, neno la mahakamani na kituo cha polisi. Kwetu, ndugu akishikwa, jambo la kwanza familia hutafuta mtu wa kumwekea dhamana. Mwimbaji anasema Kristo mwenyewe ndiye aliyesimama pale mezani kwa ajili yake. Huo si ulaini. Nimeona wanaume wakilia kwenye ubeti ule, na nadhani walijua wanalilia nini.

Kasoro yake ya kweli ni kwamba taifa halimo, njaa haimo, jirani anaonekana kwa nadra. Hapo ndipo nyimbo za kiroho zinapoyazidi makapu yote. Zinamkuta Musa mbele ya Farao, Danieli tunduni, na zinaomba kwa ajili ya watu wote waliofungwa. Safari yake ya mbinguni iliweza kuwa pia safari ya kutoroka, na waliomiliki watumwa hawakusikia. Ombi langu moja tu: usiziimbe bila kuwaeleza watu zilitoka kwa nani. Dakika mbili zinatosha.

Kiswahili

Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni nyingi za 8-6-8-6 huanza kwa pigo jepesi kisha zito, kwa kuwa ndivyo Kiingereza kinavyotembea. Matokeo yake tunaimba da-MU i-ME-bu-BU-ji-KA, wakati mdomo unataka DA-mu, unataka bu-bu-JI-ka. Tumezoea hata hatusikii tena, lakini mtoto anayejifunza husikia. Dawa ninayotumia ni kuipunguzia tuni mwendo na kumwacha mwimbishaji avute silabi inayostahili, kama mama yule alivyofanya gizani. Hakufuata pigo, alifuata neno.

Tuni zinazoanza na pigo zito ni zetu kabisa. YE-su KWE-tu NI ra-FI-ki: hakuna silabi ya mstari huu iliyolazimishwa. BWA-na U se-HE-mu YA-ngu, wimbo wa Crosby, vivyo hivyo. Nyingi za namna hii ziko kapu la tatu, na nadhani ni sababu mojawapo ya kitabu cha Tenzi za Rohoni kujaa nyimbo hizi na sisi kuziona kama za bibi zetu. Kwa upatikanaji, basi, kapu la tatu liko mbali mbele: "Usinipite Mwokozi", "Ni salama rohoni mwangu", zote mtu anazijua.

Makambi tunayo kwa tuni zaidi kuliko kwa jina. Nyimbo za kiroho huingia Kiswahili kwa wepesi kwa kuwa misemo yake ni mifupi, ila tafsiri utaifanya mwenyewe mara nyingi. Za nota za maumbo hazimo karibu kabisa, ukiondoa tuni ya "Amazing Grace". Hiyo ina sauti tano tu, do re mi so la, na kwaya ya watoto itaishika kwa jioni moja.

Ukiwa katika hali gani, uchukue nini

Mkutano wa wazi uwanjani, wasikilizaji wapita njia, jenereta usiyoiamini: makambi. Andaa viitikio vitatu vya mizani moja na beti kumi zinazojulikana, uvihamishe.

Mkutano wa ndani wenye wito wa toba: injili za mijini, na wakati wa wito wenyewe wimbo mmoja tu, urudiwe taratibu. Usibadilishe wimbo watu wakiwa wanatembea kuja mbele.

Kwaya iliyokomaa inayotaka kukua, iliyo na mwaka mbele yake na haina tamasha la karibu: nota za maumbo. Keti katika mraba kweli, zima kinanda kweli. Wanakwaya watasikilizana kwa mara ya kwanza.

Kongamano la vijana wa chuo wanaouliza maswali ya haki na historia: nyimbo za kiroho, kwa namna ya kutoa na kupokea, pamoja na maelezo. Kwaya ya vyuo yenye sauti nne na mwalimu mpole iende kwenye mpangilio wa Fisk.

Msibani, usiku wa kwanza, wakati hakuna aliyejiandaa: kile ambacho wenye msiba wanakijua tayari. Kwetu hiyo ni Tenzi. Usilete jipya.

Na kama ni jioni nzima ya kuonyesha yote manne, anza na makambi watu wakiwa wanaingia na viti havijajaa, weka nota za maumbo na nyimbo za kiroho katikati zikiimbwa na kwaya, maliza na Tenzi watu wote wakiwa wamesimama. Kwa wimbo wa mwisho mwambie fundi mitambo azime projekta.